Mjadala: Albamu ya bleki metali ikiwa na damu ya mtu, tuisikilize?

Wakuu, kuna ubishi umezuka kwenye kikundi chetu cha wapenda gitaa hapa Dodoma. Kijana mmoja kawasha Mayhem, bendi ya Norway ya bleki metali (roki nzito ya mayowe na gitaa kali), kwenye spika pale Area C, jirani akaja juu: zima hayo mambo ya mashetani. Vijana wanasema kawaonea.

Jirani hajakosea sana. Mayhem ilianza 1984, albamu yake kamili ya kwanza ikatoka Mei 1994. Miaka kumi watu wanasubiri! Hapo kati mwimbaji alijiua 1991, na mpiga gitaa akauawa Agosti 1993. Aliyemuua ndiye kapiga gitaa la besi kwenye albamu hiyo hiyo. Kanisa la mbao la Fantoft, kule Bergen, lilishachomwa moto Juni 1992, na moto huo ukahusishwa na watu wa muziki huu. Sasa mtu akiniambia "ni kelele tu", namuona hajui anachotetea.

Ila kama shida ya jirani ni sauti, aseme ni sauti. Spika za mikutano ya injili zinalia mpaka usiku wa manane na hatujamsikia.

Mimi muziki wenyewe naupenda, hasa ule wenye melodi. Chukua albamu ya kwanza ya Dissection ya Uswidi, ya 1993. Gitaa mbili: moja inashika njia, ya pili inapanda juu yake, na chini ya mayowe yote unapata wimbo wa kupiga mluzi. Aliyekulia Ugogoni na zeze na waimbaji wanaopangana sauti hawezi kuniambia pale hakuna kazi. Lakini kiongozi wa bendi hiyo naye alifungwa kwa kuhusika na mauaji ya Mualgeria mmoja, 1997. Kusikiliza nasikiliza. Fulana yenye jina lao nikatize nayo soko la Majengo? Hapana. Fulana ni kumsifu mtu.

Vijana wananijibu kwamba ukiizima Mayhem unamzima na marehemu, maana gitaa lake limo. Hapo wamenibana kidogo. Ila wazazi wa marehemu waliomba besi ya muuaji iondolewe, na mpiga ngoma wa bendi akaiacha. Mimi ningeitoa usiku ule ule, besi anaweza kuipiga mtu mwingine. Wenzangu wanasema ukishaitoa, hiyo si albamu iliyosubiriwa tena. Nyie mngefanyaje?