Chunusi sugu: vitu vya nyumbani, dawa ya dukani au daktari wa ngozi? Nipo Mbeya

BintiSae
Habari za jioni wana jukwaa. Nina miaka 22, nasoma hapa Mbeya. Chunusi zilinianza kidato cha pili zikapungua zenyewe, sasa tangu mwezi wa pili zimerudi kwa nguvu mashavuni na kidevuni. Nyingi ni ndogo zenye usaha, ila zipo tatu za ndani kabisa, ukigusa zinauma kama jipu. Ikipona inaacha doa jeusi.

Mama mdogo anasisitiza limao, manjano na asali. Mfamasia wa Mwanjelwa amenionyesha jeli ya benzoili peroksaidi. Rafiki yangu anasema niende moja kwa moja kwa daktari wa ngozi. Hela niliyonayo inatosha njia moja tu. Aliyepitia naomba aniambie ukweli.

Kihesa_Juu
Kamwene dada. Limao acha leo hii. Nilijipaka usoni asubuhi, nikaenda Ilula kuchuma nyanya, nikashinda juani. Kesho yake shavu la kushoto lilikuwa na mchirizi mwekundu uliovimba, pale pale maji ya limao yalipotiririkia. Malengelenge yalipopona ukabaki mstari mweusi, nilikaa nao miezi mitano. Limao na ndimu vina kitu ambacho kikikutana na jua kinaunguza ngozi, tena huku kwetu watu tunadanganywa na ubaridi. Iringa na Mbeya tuko juu, zaidi ya mita 1,500, jua linachoma hata kama umevaa sweta.

Asali na manjano havikunidhuru. Havikunisaidia pia, shuka tu ndiyo iligeuka njano.

MamaNjombe
Mwanangu BintiSae, pole. Mimi nitatetea nyumbani kidogo. Binti yangu wa miaka 15 alipona bila daktari. Tulichofanya: sabuni ya kufulia tukaiweka pembeni, akawa anaosha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini isiyo na manukato, kwa vidole, bila dodoki. Halafu nikagundua chunusi zake zote zilikuwa kwenye paji la uso, kufuata mstari wa nywele. Yalikuwa mafuta ya nywele! Alikuwa anasuka na kupaka mafuta mazito, usiku yanashuka usoni. Tulipobadilisha, kufikia wiki ya sita paji lilikuwa safi. Lakini zake zilikuwa vipele vidogo tu, hakuna hata kimoja kilichouma kama unavyosema wewe.

Nesi_Tukuyu
Dada, hebu tuanze na chunusi yenyewe. Kitundu cha kinyweleo kinazibwa na mafuta ya ngozi na seli zilizokufa, humo ndani bakteria wanaongezeka, ngozi inavimba. Kwa hiyo hakuna uchafu wa kusugua, na ukisugua unazidisha uvimbe.

Benzoili peroksaidi ni dawa ya kweli, inaua bakteria hao, na haiwazoeshi usugu kama antibayotiki. Asilimia 2.5 au 5 inatosha. Ya 10 inakausha na kuwasha zaidi bila faida kubwa ya ziada. Anza siku moja ndiyo, siku moja hapana, upake eneo lote linalotoka chunusi, usidonee kipele kimoja kimoja. Na utumie foronya nyeupe, maana inapausha nguo. Mimi nina kitenge cha bluu chenye mabaka meupe shingoni mpaka leo.

Ya pili ni adapalini asilimia 0.1, ya usiku. Hiyo inazuia vitundu visizibe. Kiasi cha punje moja ya njegere kinatosha uso mzima. Wiki za mwanzo ngozi inabanduka, wengi wanakata tamaa hapo. Dawa za chunusi zinahitaji wiki 8 hadi 12 kuonyesha kazi, kwa hiyo anayebadilisha kila wiki mbili anatupa hela. Mjamzito asitumie adapalini.

Usitumbue. Madoa meusi yanafifia kwa miezi, ila kovu la shimo halifutiki kwa krimu. Asubuhi paka losheni ya kuzuia jua, SPF 30 au zaidi, kwani jua ndilo linalokoleza hayo madoa.

Kwa hizo tatu za ndani, mimi nisingekuacha na jeli peke yake. Ila kuna kitu nataka kukuuliza kwanza. Mwezi wa pili ulibadilisha nini? Krimu, losheni, sindano au vidonge vya uzazi wa mpango, chochote?

BintiSae
Dada nesi, nasema tu ukweli. Desemba nilipewa kikopo cha krimu ya kuchanganya, hakina maandishi. Wiki moja tu uso ulikuwa laini, mweupe, vipele vyote kimya. Kiliisha mwishoni mwa Januari sikupata kingine. Ndipo haya yakaanza. Sikuwahi kufikiria vinahusiana.

Nesi_Tukuyu
Vinahusiana sana, mdogo wangu, na wala si kosa lako. Vikopo vya hivyo mara nyingi vinakuwa na steroidi kali, aina ya betamethasoni au klobetasoli, pengine na haidrokwinoni au zebaki za kung'arisha ngozi. Steroidi inazima uvimbe haraka, ndiyo maana uliiona nzuri. Lakini inafanya ngozi kuwa nyembamba na yenyewe inaleta chunusi, na ukiacha zinalipuka. Wengi wakifika hapo wanatafuta kikopo cha pili, na mzunguko unaendelea. Usikitafute.

Sasa jibu langu limebadilika: hela yako iende kwa daktari. Benzoili kwenye ngozi iliyochoka hivyo inaweza kukuunguza.

Dereva_Uyole
Naunga mkono nesi. Nilipoteza miaka miwili nikichomwa sindano kwenye zahanati moja, kila mara naambiwa damu ni chafu. Hakuna aliyenipima damu wala kunishika uso. Mgongo ulijaa mabonge.

Nilipofika kliniki ya ngozi Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapo Mbeya, daktari alinivua shati, akapapasa bonge moja moja, akauliza natumia nini. Nilipewa doksisaiklini, antibayotiki ya kumeza, kwa miezi mitatu pamoja na benzoili ya kupaka. Alinieleza antibayotiki haimezwi peke yake wala kwa muda mrefu, bakteria watakuwa sugu. Unameza na glasi nzima ya maji na hulali papo hapo, inachoma koo.

Aliniambia pia kuna isotretinoini kwa zile zinazogoma kabisa, lakini hiyo ina masharti makali. Mwanamke hatakiwi kushika mimba akiwa anaimeza, wala mwezi mmoja baada ya kuacha, maana inaharibu mtoto tumboni. Usikubali kuuziwa hiyo na mtu wa mtaani.

MamaNjombe
Mwanangu, kama una bima uliza mapema kama unatakiwa barua ya rufaa kutoka hospitali ya chini. Mimi nilirudishwa getini nimetoka Njombe na basi la alfajiri.

BintiSae
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Bima ya chuo ninayo, kesho naanzia zahanati ya chuo kuchukua barua. Mpaka nionwe nipake nini? Uso unawaka nikiosha.

Nesi_Tukuyu
Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, losheni nyepesi isiyo na harufu, na losheni ya jua asubuhi. Basi. Na kile kikopo hata kama ni kitupu, usikitupe, nenda nacho kwa daktari.