Moyo wa kifaranga kulia au kushoto: mayai ya saa 60 yananichanganya

Mwl_Kihesa: Wakuu, natayarisha somo la vitendo la kidato cha sita hapa Iringa. Kwenye mayai ya trei moja yaliyoatamiwa saa 60, moyo wa baadhi ya viinitete (vifaranga vinavyoanza kuumbika) uko kulia, mingine haieleweki. Jeni zinayumba hivyo kweli?

Kuku_Uyole: Mwalimu, jeni hazina kosa, umechelewa kufungua. Moyo huanza kama mrija ulionyooka, na kati ya saa 33 na 40 hivi unajipinda kuelekea kulia kwake. Ikifika saa 48 kichwa kinaanza kugeuka, kiinitete kinalalia ubavu wa kushoto, nawe unapoteza dira. Fungua saa 38, joto likiwa nyuzi 37.5 hadi 38. Baridi ya Juni huku kwetu inadanganya: yai lililolala kwenye ubaridi lipumzike kwanza kwenye joto la chumba, la sivyo hesabu yako ya saa itakuwa mbele ya kiinitete.

Laza yai ubavu nusu saa ili kiinitete kije juu. Toboa ncha butu, elekeza sindano chini, vuta mililita 3 za ute, ndipo ukate dirisha juu. Ukiruka kuvuta ute, mkasi unapita na kiinitete. Kichwa kikielekea mbali nawe, kulia kwako ndiko kulia kwake.

Seli_Tukuyu: Niongeze upande wa jeni. Mapema zaidi, seli zinazozunguka nodi ya Hensen (kifundo cha seli kinachoongoza mpangilio wa mwili wa kiinitete) husogea kuelekea kushoto, na jeni ya Shh inabaki ikifanya kazi kushoto tu. Hiyo huwasha jeni ya Nodal, nayo huwasha jeni ya Pitx2, ambayo ndiyo inayoviambia viungo “huku ni kushoto”. Nodal hujichochea yenyewe, kwa hiyo ingefurika hadi kulia. Protini ya Lefty, katikati ya mwili, ndiyo inayoizuia.

Mwl_Kihesa: Na zile silia (vinywele vidogo vya seli) za vitabuni zinazozunguka?

Seli_Tukuyu: Hizo ni za panya na binadamu, usiwafundishe kwa kuku. Kwa panya silia husukuma majimaji kwenda kushoto. Zikikwama, upande huamuliwa kwa bahati nasibu. Ndiyo maana watu waliozaliwa na silia mbovu, karibu nusu yao tu wana moyo kulia, na hao ndio huitwa wenye ugonjwa wa Kartagener.

Kuku_Uyole: Kama darubini ni shida, chinja tetea anayetaga uwaonyeshe wanafunzi tofauti ya kushoto na kulia. Ovari inayofanya kazi ni ya kushoto tu, na Pitx2 hiyohiyo inahusika.