Tupeane uzoefu: kupanga na kubajeti mkutano wa ukoo wa watu 100 na kuendelea

Mwanzisha uzi

Wakuu, uzi huu ni wa walioshika daftari, sufuria au kipaza sauti kwenye mikutano ya ukoo. Nani aligombana na nani tuache. Tupeane hesabu, vipimo na mahali panapovuja.

Naanza na bajeti. Gharama zote zitenge mafungu mawili. La kwanza ni zile zisizojali idadi ya watu: ukumbi au uwanja, turubai, muziki, jenereta, usafi, mpiga picha. La pili ni zinazopanda kwa kila kichwa: chakula, vinywaji, sahani, usafiri. Kamati nyingi huchukua jumla kuu, hugawa kwa idadi inayotarajiwa, kisha hutangaza mchango. Ukigawa ukumbi kwa watu 120 wakaja 90, fungu la kila mmoja lilipaswa kupanda kwa theluthi, na waliokuja wameshalipa kiwango cha mwanzo. Pengo linabaki kwa kamati.

Dawa yake: gharama zisizojali idadi zigawe kwa idadi ndogo kabisa unayoiamini. Theluthi mbili ya orodha ni mahali pazuri pa kuanzia. Za kichwa zihesabu kwa idadi halisi. Watu wakizidi, ziada inaingia kwenye akiba na hakuna atakayelalamika.

Watoto wahesabiwe kwa mafungu. Mtu mzima 1, mtoto wa miaka 5 hadi 12 nusu, chini ya hapo bure. Kwa hiyo watu wazima 80, watoto 30 na wadogo 10 ni vichwa 120 lakini mafungu 95. Mchango na chakula vinafuata 95. Viti havifuati 95: mtoto wa miaka 8 anakula nusu ila anakalia kiti kizima. Hapo agiza viti 110, wadogo watapakatwa.

Dharura weka asilimia 10. Kama ni uwanjani, 15, kwa sababu mvua ikitishia utatafuta turubai la ziada siku ambayo kila mtu analitafuta.

Mchangiaji 2

Nakazia hapo, halafu niongezee upande wa hazina. Ahadi si fedha. Daftari liwe na safu ya ahadi na safu ya kilicholipwa, na arbuni yoyote itoke kwenye safu ya pili tu. Mjomba akiahidi kubeba vinywaji vyote, mshukuru, lakini bajeti iendelee kuvihesabu mpaka fedha iingie.

Awamu tatu zinatosha: miezi 9 kabla, 6 kabla, na 2 kabla. Awamu ya kwanza ipigwe hesabu ili ifunike arbuni zote, yaani ukumbi, turubai na mpishi. Ikishindikana kufika, ni ishara ya mapema kwamba mpango ni mkubwa kuliko ukoo, na bado una muda wa kupunguza.

Anayenunua asiwe anayeandika. Kutoa fedha kuhitaji watu wawili, ikiwezekana wa matawi tofauti. Risiti zipigwe picha siku hiyohiyo. Zile za karatasi ya mashine hufifia, hasa zikikaa kwenye gari lenye joto, na baada ya miezi unabaki na karatasi nyeupe.

Taarifa itoke kila wiki kwenye kundi, jumla tu: zilizoingia, zilizotoka, salio. Wanaodaiwa wafuatwe faragha. Kuanika majina ya wadaiwa hadharani hakuleti fedha, kunapunguza wageni.

Na sheria ya kurudishiwa iandikwe siku ya kwanza. Akijitoa kabla orodha haijafungwa, anarudishiwa fungu la kichwa. La ukumbi halirudi, maana limeshalipwa.

Mchangiaji 3

Orodha: kusanya majina, si namba. "Tutakuwa kama sita hivi" siku ya tukio huwa wanne au tisa. Kila tawi la ukoo liwe na mjumbe mmoja anayeleta majina na umri wa watoto. Funga orodha wiki 3 kabla, mpe mpishi idadi ya mwisho wiki 2 kabla. Hiyo wiki moja ya katikati ni ya wale wanaokumbuka mwishoni. Wapo kila ukoo.

Tarehe msiulize "lini inafaa?" Toeni tarehe mbili au tatu, watu wachague, funga.

Kabla ya kulipa arbuni ya ukumbi, uliza na uandikishe: saa zinahesabiwa tangu kupamba au tangu wageni waingie? Saa ikizidi ni kiasi gani? Mpishi wa nje anaruhusiwa? Nani anafagia? Amana ya uharibifu inarudi baada ya siku ngapi? Saa za kupamba ndizo zinazokamata watu. Unakodi saa 8, mbili zinaishia kwenye viti.

Nafasi: mtu aliyekaa mezani anahitaji kama mita 1.2 hadi 1.5 za mraba. Turubai la mita 6 kwa 12 linabeba watu 50 hadi 60 na meza zao, wale 100 unaoambiwa ni wa viti vitupu vilivyobanana. Meza ya duara ya mita 1.5 ni watu 8, ya 1.8 ni 10. Vyoo, angalau kimoja kwa kila watu 50, na ongeza kama mnakaa kutwa.

Mchangiaji 4

Jikoni sasa. Mchele mkavu kilo 1 kwa mafungu 10 kama kuna vitu vingine mezani, kwa hiyo mafungu 95 ni kilo 10. Nyama yenye mfupa gramu 250 hadi 300 kwa fungu ikiwa mbichi, isiyo na mfupa 150 hadi 200. Ikipikwa hupungua karibu robo, usishtuke. Maji ya kunywa lita 2 kwa mtu kwa siku nzima ya joto.

Kilo zote 10 za mchele usizitie sufuria moja hata kama inaenea. Uzito wa juu unaponda punje za chini, chini inaungua, juu bado kiini kigumu, na ukigeuza ndiyo unapata uji. Gawa kilo 5 kwa 5 kwenye sufuria za lita 25 hivi, ya pili ianze dakika 20 baada ya ya kwanza. Faida nyingine: nusu ya pili ya foleni inakula chakula cha moto.

Chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60. Kilichopoa mezani kisizidi saa 2, na joto la hewa likipita nyuzi 32, saa 1. Hotuba ndizo zinazoharibu hapa. Chakula kimeiva saa saba, mzee anasimama saa saba na dakika tano. Mwambieni MC: sufuria hazifunguliwi mpaka hotuba iishe.

Meza ya kupakulia iwe na pande mbili. Upande mmoja hupitisha watu 3 hadi 4 kwa dakika, kwa hiyo watu 110 ni nusu saa na ushee. Pande mbili, robo saa. Vinywaji viwe meza nyingine mbali, maana mtu akisimama kuchagua soda foleni nzima inasimama. Wali wajipakulie. Nyama ipakuliwe na mtu. Watu 30 wa kwanza wakiachiwa kijiko cha nyama, wa mwisho watapata mchuzi.

Mchangiaji 5

Jenereta ya kVA 5 inatosha kwa muziki, taa, friji moja na birika kubwa la umeme la chai?

Mchangiaji 6

Toa birika, inatosha. kVA 5 ni kama kilowati 4, na si vizuri kuipakia zaidi ya asilimia 80 kwa muda mrefu, unabaki na 3.2. Birika la lita 20 peke yake linaweza kula 2.5. Muziki wa kawaida kilowati 1, friji inapoanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya kawaida yake, basi hapo ndipo inapozima katikati ya sala. Maji ya chai chemsha kwa gesi.

Jenereta ikae mita 6 au zaidi kutoka kwa watu, moshi uelekee nje. Waya wa kuongezea ulio kwenye gurudumu uukunjue wote hata kama unahitaji mita 5 tu. Ukibaki umeviringishwa unapata joto na unaweza kuyeyuka.

Mchangiaji 7

Tisheti: zitoke kabisa kwenye mchango. Anayetaka alipe kivyake, saizi iandikwe mbele ya jina, agizo liende wiki 6 kabla. Ongeza chache kubwa, sio ndogo.

Mchangiaji 8

Mimi naona tofauti kidogo. Sare inasaidia kutambuana, hasa kwa vizazi visivyojuana. Ila kibandiko cha jina chenye rangi ya tawi kinafanya kazi hiyohiyo kwa sehemu ndogo sana ya gharama, basi kama bajeti inabana, anza na hicho.

Picha ya pamoja ipigwe kabla ya kula. Baada ya kula hupati hata nusu. Watu 120 kwa safu 5 ni 24 kila safu. Kwa sentimita 50 kila mmoja ni upana wa mita 12, kwa hiyo pima uwanja mapema na mpiga picha aje na ngazi. Wazee viti vya mbele, na waitwe wa mwisho ili wasikae juani wakisubiri.

Wazee hao wawekwe mbali na spika, karibu na choo. Penye ngazi, ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu uwe mita 12 kwa kila mita 1 ya kimo, yaani ngazi ya sentimita 30 inadai ubao wa mita 3.6. Mfupi zaidi ya hapo ni wa kusukumana.

Mwanzisha uzi

Ubarikiwe mkuu, hilo la ubao sikuwa nimeliweka. Kuhusu salio: amueni kabla ya tukio litakwenda wapi, na hesabu zifungwe ndani ya siku 14 risiti zikiwa zimeambatanishwa. Likiwa dogo msiligawe. Ukiligawa kwa mafungu 95, ada za kutuma zitalimeza. Liandikwe kama arbuni ya ukumbi wa mkutano ujao.