Mdogo wangu amejifungia chumbani tangu matokeo ya kidato cha nne: nianzie wapi?

Dada mtu, Morogoro

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri kuhusu mdogo wangu wa kiume mwenye umri wa miaka 17, ambaye tangu matokeo yatangazwe mwezi Januari na yeye kupata divisheni ziro, amekuwa mtu mwingine kabisa. Wiki ya kwanza tuliona ni kawaida, kwani nani asingeumia? Sasa ni wiki ya sita. Haendi tena uwanjani, ilhali zamani tulikuwa tukimtafuta huko hadi magharibi. Usiku anakesha, mchana analala, na chakula ninachomwachia mlangoni nakikuta asubuhi vilevile, ugali umekauka na kupasuka. Juzi alimgawia rafiki yake viatu vyake vya mpira, vile alivyovinunua kwa kubeba tofali likizo nzima, na nilipomuuliza sababu alijibu kwamba havihitaji tena.

Baba anasema ni uvivu na kudeka. Mama anaamini kuna mkono wa mtu, na ameshaongea na mganga. Mimi nimesikia neno sonona redioni, ila sijui kama ndiyo hii, na naogopa mtaa mzima utasema kwetu kuna kichaa. Je, nisubiri?

Muuguzi, Dodoma

Dada, usisubiri. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na katika yote uliyoyaandika, lililonishtua ni hivyo viatu. Kijana anapoanza kugawa vitu anavyovithamini na kusema havihitaji tena, ni lazima aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi huogopa kwamba ukilitaja neno hilo utakuwa umempa wazo. Sivyo, anayeulizwa kwa upole mara nyingi hupata ahueni, kwa sababu jambo alilolibeba peke yake limepata msikilizaji. Muulize leo, mkiwa wawili tu, kwa maneno hayohayo bila kuzunguka. Akikubali, asiachwe peke yake hata kidogo, dawa na sumu zote ziwekwe mbali naye, na mumpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa usiku.

Kuhusu sonona, tunaanza kuifikiria pale ambapo huzuni, au kukosa hamu ya mambo ambayo mtu aliyapenda, kunadumu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, huku usingizi na hamu ya chakula vikivurugika na mtu akijiona hana thamani. Siwezi kumpima mtu kwa maandishi, lakini wiki 6 zinatosha kabisa kumfikisha kwa mtaalamu. Si lazima aletwe huku kwenye hospitali ya afya ya akili ya Mirembe, kama watu wanavyodhani kila linapotajwa suala la akili; anzeni hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa kuwa hajafikisha miaka 18, mnaweza pia kupiga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure.

Kijana wa Nakuru

Dada, mimi nilikuwa kama huyo mdogo wako baada ya mtihani wangu wa kidato cha nne. Kila aliyeingia chumbani alikuja na mawaidha: jikaze, mshukuru Mungu, mwanamume halii. Nilikuwa nikigeukia ukutani. Aliyenitoa ni mjomba wangu, ambaye hakuja na neno lolote. Alikuwa akifika alfajiri kukamua ng'ombe, akawa ananiomba nimshikie ndama, na siku ya tisa, ndama akivuta kamba, nikamwambia yote.

Sikusema mapema kwa sababu sheria yetu huku Kenya ilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, nami niliogopa polisi kuliko kifo. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226, kinakiuka Katiba, na nilipoisikia habari ile nililia. Kaa naye. Usimlazimishe kuongea, ila akianza, usimkatize.

Mwalimu mstaafu, Tanga

Mwanangu, usigombane na mama juu ya mganga, maana mkianza kuvutana kijana ataona yeye ndiye chanzo cha ugomvi. Mwambie kwamba dua haizuiwi, lakini hospitali ni leo. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wa kawaida kuketi kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye kile ambacho Washona hukiita *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi, kama sisi tunavyosema fulani ana mawazo. Mama yako huenda akalielewa hilo upesi kuliko neno sonona.

Habari za kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au kwenda chuo cha ufundi cha VETA, ziacheni kwanza. Asiyelala wala kula hawezi kupanga maisha.

Dada mtu, Morogoro (baada ya siku nne)

Nilimuuliza usiku uleule. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema ndiyo. Tulitoka saa ileile, na baba, ambaye alikuwa amesimama koridoni akitusikia, ndiye aliyekwenda kutafuta bajaji. Amepewa dawa na miadi ya kuongea na mtaalamu Alhamisi. Nalala chumbani kwake kwenye mkeka. Muuguzi, anasema dawa inamkausha mdomo na kumtia usingizi mchana. Je, tuisimamishe?

Muuguzi, Dodoma

Msiisimamishe wenyewe. Hayo hutokea na baadhi ya dawa hizi siku za mwanzo, na nafuu yenyewe huchukua wiki kadhaa kuonekana. Mwelezeni daktari Alhamisi, au mapema zaidi akizidiwa. Hadi hapo anywe maji mara kwa mara, na pakiti ya dawa ikae kwako wewe, umpe dozi ya siku hiyo tu.