MREJESHO: Kilimanjaro kwa sisi wa Dodoma
Wakuu, niliuliza humu njia ipi ya Kilimanjaro itatufaa mimi na mdogo wangu, watu wa Dodoma tuliozoea mwinuko wa mita elfu moja na kitu. Mkasema Lemosho na tusibane siku, tukafanya hivyo. Asanteni sana aisee! Ile ya panda juu lala chini ili mwili uzoee hewa nyembamba inafanya kazi kweli, pale kwenye mwamba wa Lava Tower, mita 4,600 hivi, kichwa kilinigonga hata chai haipiti, tukashuka kulala kambi ya Barranco, mita kama 3,900, jioni nikamaliza sahani ya wali. Kilele cha Uhuru nimefika, mita 5,895! Dogo hakufika, juu ya kambi ya Barafu alianza kutapika na kuyumba, muongozaji msaidizi akamshusha usiku uleule na kushuka ndiko kulikomsaidia, maana Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, alikuwa anameza na bado akaugua.