Mrejesho: kurahisisha 0.4x(1.5x − 0.25)

Wakuu, asanteni. Niliuliza kwa nini napata 0.06x² − 0.001x wakati kitabu kinasema 0.6x² − 0.1x. Kosa nimelikamata, na ni la kijinga kweli: 4 × 15 ni 60, mimi nikawa naifuta sifuri kwanza, nabaki na 6, ndipo nahesabu nafasi mbili za desimali. Sifuri inafutwa baada ya kuweka nukta: 0.60, kisha 0.6. Vivyo hivyo 4 × 25 ni 100, nafasi tatu, 0.100. Herufi x hazikuwa na shida yoyote.

Aliyeniambia nijaribu x = 2, ubarikiwe. Swali linatoa 0.8 × 2.75 = 2.2, jibu la kitabu, 2.4 − 0.2, vilevile 2.2. Langu lilitoa 0.238!