Yule muuza kamera wa Kariakoo kaniambia "simba atakusubiri". Nimevurugwa!

Wakuu, nimetoka dukani kwake sasa hivi, hata daladala sijapanda, mikono inatetemeka. Mnamjua. Yule wa ghorofani, anayekuita "bosi" mpaka hela iingie mfukoni kwake.

Nilimwambia mapema kabisa: nina Nikon D5600, naenda Mikumi, nataka lenzi ya kuvuta wanyama. Kanipa 70-300 ya zamani, ile ya AF-D. Nafika mbugani, nabonyeza, lenzi kimya. Haitafuti fokasi kabisa! D5600 haina mota ya fokasi ndani, inataka lenzi yenye mota yake, AF-S au AF-P, na hii AF-D haina. Muuza kamera hajui hilo? Anajua! Leo nimerudi kistaarabu, namwambia kaka, lenzi hii haiendani na kamera yangu. Akacheka mbele ya wateja wote: "Dada, zungusha kwa mkono. Simba atakusubiri."

Simba atakusubiri! Simba gani huyo? Swala anaruka barabara, mimi nazungusha pete ya lenzi, nikija kumaliza swala kashavuka, kaolewa, ana wajukuu.

Na tripodi aliyonibambikia? Kichwa cha plastiki. Unafunga kamera, unakaza skrubu mpaka kidole kinauma, ukiachia tu inainamisha pua taratibu kama mlevi msibani. Namuuliza na hii je, anawageukia wenzake: "Huyu ndiye wa simba." Wateja wakacheka! Mtu kaja kununua betri, ananicheka mimi!

SIMBA ATAKUSUBIRI. Sitasahau mpaka nazikwa.

Mzee wa Shata: Pole dada. Huyo huyo aliniuzia chaja, ikaunguza soketi.

Kobe wa Tabata: Sasa lenzi ya malaki unanunua bila kuifunga kwenye kamera ukabonyeza hapo hapo? Simba akusubiri tu.

Mleta uzi: Nilimtajia kamera yangu kwa jina! Ulitaka nimpelekee na cheti chake cha kuzaliwa? Wewe shemeji yake nini?

Binti Korogwe: Na tripodi Mikumi ya nini? Ndani ya gari utaisimamisha wapi? Shona mfuko wa kitambaa, jaza maharage, weka dirishani, lazia lenzi juu. Dereva azime injini. Tripodi peleka Forodhani jioni, jua likizama.

Mpemba Mtaratibu: Forodhani usinikumbushe. Mimi niliuziwa 50 mm, eti ndiyo lenzi ya mjini. Kwenye Canon yangu ya sensa ndogo inabana kama 80 mm. Vichochoro vya Mji Mkongwe, mgongo umegota ukutani, mlango wa nakshi unaingia nusu!

Mzee wa Shata: Hayo madogo. Mimi kadi ya kumbukumbu imeandikwa GB 128, ndani GB 8. Picha za harusi ya mdogo wangu zilipozidi hapo zikaharibika. Ndoa ipo, ushahidi hakuna.

Kobe wa Tabata: Hapo nakuunga mkono mzee. Kadi mpya ipime kwanza na programu ya H2testw.

Binti Korogwe: Inapima na flashi diski pia?

Kobe wa Tabata: Inapima. Inaijaza yote halafu inasoma upya. Ikikuta tofauti, rudisha siku hiyo hiyo.

Mleta uzi: Jamani, na mimi je?

Mzee wa Shata: Kobe, hiyo inafanya kazi kwenye simu? Sina kompyuta.

Kobe wa Tabata: Ni ya Windows tu mzee. Nenda kwa mtu wa stesheneri.